Kiti cha Mjerumani Mlangoni

Jumba zima lilimwita Mjerumani, ingawa alishabatizwa upya kanisani kwetu akapewa jina la Kirusi, Vera. Alikuwa binti wa ukoo mkubwa kwao, akaolewa na Rostislav, mwana wa mfalme wetu, ambaye nyumbani alikuja kubadilisha viatu tu, kisha huyoo, farasini. Jikoni walisema Mjerumani anapiga mluzi ndani ya nyumba, ataleta nuksi. Ni kweli alipiga. Nilimsikia akimpigia mwanawe, taratibu, hadi anasinzia.

Mimi, Ustinya, nilitolewa kijijini nije kumnyonyesha huyo mtoto. Wangu, Malanya, nilimwacha na maziwa ya mbuzi.

Mjerumani alitaka kunyonyesha mwenyewe. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Mama Mtukufu, alimcheka mbele yetu.

"Kwani wewe ng'ombe?" Halafu akampa sharti. "Usipotutia aibu siku ya ubatizo, kitanda cha mtoto kitabaki chumbani kwako. Ukitutia aibu, kinahamia kwangu."

Sasa kwetu mzazi haingii kanisani kabla ya arobaini yake, hata ubatizo wa mwanawe haoni. Hilo hakuna anayeambiwa, tumezaliwa nalo. Kwao Ujerumani mama husimama pale pale. Asubuhi hiyo, nikiwa nimembeba mtoto tayari kumpeleka, Glafira, mkubwa wa mayaya, alimwinamia Mjerumani sikioni.

"Nenda nawe, mama. Wanakusubiri."

"Mama, usi..." nilianza kumwonya. Glafira akanifinya mkono mpaka nikakaribia kumwangusha mtoto.

"We wa kondeni, kazi yako ni ziwa. Mdomo nani kakuajiri?"

Mtoto alipotumbukizwa majini alilia, na Vera akatokea katikati ya mishumaa, mikono ameinyoosha, gauni limelowa maziwa kifuani. Padri akakatisha sala. Wanawake wakajivuta nyuma kama kaingia mwenye ndui.

Mama Mtukufu hakugeuza hata shingo. "Mtoeni."

Kitanda kilihamishwa siku ile ile, nami nikakifuata. Glafira alimsindikiza Mjerumani chumbani kwake. "Haya, piga mluzi sasa, tucheze."

Hakulia. Kesho yake aliburuta kiti mwenyewe ukumbi mzima, akakiweka nje ya mlango wa mama mkwe wake, akaketi na gauni lile lile lenye madoa. Wageni walikuja kutoa hongera, wakalazimika kuiruka miguu yake.

"Ondoka hapo, unatuaibisha!" Glafira alimfokea.

"Ndiyo," alijibu kwa Kirusi chake kibovu. "Naaibisha. Kitanda mmeshachukua. Mtachukua nini tena?"

Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Mama Mtukufu alipita pale bila kumtazama, sketi zake zikimpiga usoni.

Siku moja mtoto alikataa ziwa langu, akawa anajikunja na kupiga kelele. Nje ya mlango mluzi ukaanza, taratibu. Akanyamaza, akageuza kichwa kuutafuta.

"Ziba huo mlango kwa blanketi," Glafira aliniamuru.

Nilimfikiria Malanya na mbuzi wake. Nikaufungua mlango, nikamweka mtoto pajani kwa mama yake.

"Mnyonyeshe haraka, mama," nikamwambia. "Mimi wananifukuza sasa hivi."