Weusi wa Bastola ya Kifini

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya limau, mwanangu. Wewe wanionyesha kwenye simu bastola kongwe za majeshi ya Ulaya ya kaskazini, wasema zinavutia. Mimi nimezishika. Hapa Madungu, Pemba, hakuna mwingine wa kukwambia hivyo, na karakana hii ya mashine za boti nimeisimamisha mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nne.

Nilishuka melini Finland nikiwa kijana, nikapata kazi ya kupiga deki kwenye makumbusho madogo ya silaha. Fundi wake, Mzee Arvo, aliniona napenda vyuma. Akanipa bastola moja ya jeshi lao, imeshazibwa mtutu.

"Kesho wanakuja wageni. Isafishe. Ukiiweza, utakaa mezani pangu ujifunze. Ukiiharibu, utarudi kupiga deki."

Maneno hayo yalinikaa. Nani aliyetoka Pemba aje azeekee kwenye ndoo ya maji machafu?

Ilikuwa nzito, na mpini wake ulijaa kiganja sawasawa. Pale vyuma viwili vilipokutana, ukucha haukukwama. Ndani mlikuwa na kijichuma cha kukisaidia kipande cha nyuma kirudi kwa nguvu, maana baridi ya kule huyagandisha mafuta. Waliifikiria hata theluji, watu wale. Lakini ilikuwa nyeusi, imepauka kwenye kingo, na mimi, mtu wa Pemba, najua mgeni anavyopokewa: kwetu Idi ikikaribia, dele, lile birika la shaba la kahawa, husuguliwa kwa jivu na limau mpaka ujione uso. Nikachota jivu jikoni. Nikakata limau.

Makame wa Jadida, Mpemba mwenzangu tuliyeshuka naye meli moja, akacheka mlangoni. "Ewe Hamadi! Wataka kutia kahawa humo?"

"Nyamaza we! Kesho itang'aa kama fedha."

Limau halijagusa chuma, Mzee Arvo akanidaka mkono.

"Wafanya nini?"

"Naipamba, Mzee. Wageni wanakuja."

"Hawaji kuangalia limau lako." Akaisogeza chini ya taa. "Hapa weusi umeliwa na mkoba wa ngozi, kiunoni mwa askari. Hapa mkaguzi kagonga alama yake. Yote haya yako juu juu tu. Ukiyasugua, utabakiwa na chuma kitupu."

"Sasa wageni tuwaonyeshe uchafu?"

"Uchafu utoe. Umri uache."

"Haya, kashike ndoo yako ya deki," Makame akasema.

Nilichukua kitambaa na tone la mafuta, nikaifuta taratibu, nikaifungua na kuiunganisha baada ya kuonyeshwa mara moja tu. Wengine huchukua miezi. Mzee Arvo aliisikiliza ikijifunga, akanisogezea kiti.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikabidhiwa kitu kikongwe, iwe mashine, iwe mlango wa babu yako, usikimbilie kukifanya kipya. Kitazame kwanza, ujue nini kimekifikisha hapo, ndipo utie mkono. Na bastola, hata iwe nzuri vipi, ilitengenezwa imuue mtu. Mimi siichukii wala siioti. Upende ufundi wake, usiitamani kazi yake.

Mola akujaalie mkono mwepesi na jicho la subira, akuepushe na kuharibu usichoweza kukirudisha. Amin.