Mwitaliano asiyekula ngano, na mpishi niliyemfukuza Makambako

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni. Na nyie wadogo mnaojifanya wakubwa humu ndani, marahaba.

Jana nimesoma uzi wa kijana anayesafiri kwenda mji mmoja wa Italy. Anauliza atakula nini hotelini, maana daktari kamkataza ngano na kule anasikia kila kitu ni ngano. Wengine mmemjibu vizuri. Wengine mmemwambia abebe sembe kwenye begi. Nimecheka, halafu kicheko kikanikatika.

Mimi yangu ni kinyume chake. Nilimlisha Mwitaliano asiyekula ngano, Makambako, miaka ile ya ruksa. Nasimulia kama ilivyokuwa, na sitajipendelea. Anayetaka kusema hii ni chai, kwamba nimetunga, aseme, sukari iko pembeni.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mbena, mzaliwa wa Njombe, mtaa unaoitwa Ramadhani. Mume wangu alipofariki nikahamia Makambako na binti yangu Neema, nikafungua hoteli jirani na stendi. Naiita hoteli, lakini lilikuwa banda la mabanzi, meza nne, jiko la kuni nyuma, na upepo wa Makambako unaingia bila hodi.

Kwa ambao hamkuwepo miaka ile: kabla ya ruksa unga wa ngano ulikuwa wa kupanga foleni. Biashara zilipofunguliwa, malori yakawa yanashusha viroba kila siku, na heshima ya hoteli ikawa chapati. Mgeni wa maana ukimwekea ugali anaona umemdharau.

Ila jina langu mimi halikujengwa na chapati. Lilijengwa na mchuzi.

Mchuzi wangu ulikuwa mzito. Madereva wa malori walikuwa wanatania kwamba mchuzi wa Mama Neema hata ukiinamisha bakuli haumwagiki. Waliamini nachemsha mifupa tangu alfajiri. Mimi nikawaacha waamini hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba ulikuwa unga.

Shangazi yangu aliwahi kuwa mpishi wa misheni, yeye ndiye aliyenifundisha. Unakaanga unga wa ngano mkavu mpaka ubadilike rangi, unautunza kwenye kopo. Mchuzi ukikaribia kuiva unakoroga vijiko viwili kwenye maji ya baridi, unamimina. Nyama kidogo inaonekana nyingi, na mtu anashiba.

Kazi hiyo niliifanya mwenyewe. Hakuna aliyejua, hata mpishi wangu. Muda ukifika namtuma maji.

Mpishi wangu aliitwa Eliza, mwanamke wa Wanging'ombe, mpole, ana mtoto mmoja kamwacha kwa mama yake. Nilikaa naye miaka mitatu. Kwa usafi alinishinda mimi mwenyewe, na hilo nilikuwa nalijua tangu mwezi wa kwanza. Likumbukeni, maana mimi nilijisahaulisha.

Sasa siku moja akaja Haji. Huyu alikuwa msafirishaji pale mjini, mtu wa kuja kutoka pwani, ana malori na alikuwa anafungua kiwanda cha kupasua mbao barabara ya Njombe. Kaongozana na mzungu mwembamba mwenye ndevu.

"Mama Neema, huyu ni fundi wangu, anaitwa Bruno, katoka Italia," akasema. "Mashine yangu yote iko kichwani mwake. Nimekuletea wewe maana wewe ndiye namwamini. Ana maradhi, hali ngano."

Nikadhani anatania. Mtu hali ngano kwa nini, kagombana nayo?

Bruno akatoa kikaratasi. Alikuwa amekaa misheni moja kabla ya kuja kwetu, sista mmoja akamwandikia kwa Kiswahili safi: huyu ni mgonjwa, asipewe mkate, chapati, maandazi, tambi wala kitu chochote chenye ngano, hata kidogo. Chini ya "hata kidogo" kapiga mistari miwili.

"Ngano kidogo, tumbo matatizo kubwa," Bruno akasema mwenyewe, huku anajishika tumbo.

Nikakichukua kile kikaratasi nikakibandika jikoni juu ya jiko. Siku hizi mnaita gluten free, sijui celiac. Sisi tulikuwa na kikaratasi tu.

Wakuu, nilijituma. Sufuria yake peke yake, sahani yake, mwiko wake. Mahindi yake nilipeleka mashine ya mbali, kwa sababu mashine ya jirani walikuwa wanasaga na ngano, unga unabaki ndani. Hakuna aliyeniambia hilo, nililifikiria mwenyewe, na nikajisifu kwa majirani. Anakula ugali, wali, mboga, maharage, nyama na mchuzi.

Na mchuzi.

Mtaniuliza, wewe mama ulikuwa huna akili? Kikaratasi kiko ukutani, kopo liko chini yake! Naapa haikunijia. Kwangu ngano ilikuwa chapati, ilikuwa andazi, kitu mtu anachokishika mkononi akatafuna. Ile ya kwenye kopo haikuwa ngano kichwani mwangu. Ilikuwa dawa ya mchuzi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeificha watu, mpaka nafsi yangu nayo nikawa nimeificha.

Wiki ya kwanza Bruno akaanza kuumwa. Tumbo linajaa, anakimbilia chooni, kazini anakaa chini kila saa. Wiki ya pili macho yameingia ndani. Haji akampeleka hospitali Njombe, wakapima malaria, wakapima amiba, hakuna kitu. Bruno mwenyewe akasema, "Hii ngano. Mimi najua."

Hapo maneno yakaanza stendi. Mama Neema anamuua mzungu wa watu.

Kumbe mwanzoni Bruno alikuwa ananisifia kwa Haji. Anasema kwao, mjini kwake, ukiingia hoteli ukasema huli ngano, mpishi mwenyewe anatoka jikoni anakuja mezani kukueleza kila kitu alichotia. Akasema na hapa ni vile vile, Mama anajali. Haji aliponiambia nilifurahi kama mtoto.

Ikafika siku Bruno hakuweza kutoka kitandani. Haji akaja mchana, hoteli imejaa, madereva, wachuuzi, mafundi. Hakuketi.

"Mama Neema, unanifanyia nini? Nimekuamini nikakukabidhi mtu!"

Vijiko vikabaki hewani. Nilitakiwa kujibu, na nikajibu haraka kuliko nilivyofikiri.

Nikamwita Eliza atoke jikoni. Akaja anajifuta mikono.

Nikasema mbele ya wale watu wote: "Haji, tatizo ni huyu. Mchafu. Anasukuma chapati, halafu kwa mikono ile ile anashika chakula cha mgonjwa. Nimemwonya mara ngapi!"

Sikuwahi kumwonya hata mara moja.

Eliza akaniangalia. Akasema taratibu, "Mama, mikono mimi nanawa. Unaniona nanawa."

"Toka," nikamwambia. "Toka kwenye hoteli yangu."

Akaingia nyuma, akachukua kitenge chake na sweta, akapita katikati ya meza kwenye macho ya watu. Njia ya nyuma ilikuwepo lakini hakuipita. Haji akatulia. Wateja wakaendelea kula. Mimi nikajiona nimemaliza kesi.

Baadaye nikasikia Eliza alizunguka hoteli karibu zote za Makambako kuomba kazi. Kila alipofika habari ilikuwa imemtangulia: huyu ndiye yule mchafu aliyemlisha mzungu. Akarudi kwao Wanging'ombe.

Nikaanza kupika mwenyewe. Bruno hali yake ikawa ile ile. Nikajiambia ni uchafu wa Eliza bado uko mwilini haujaisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Halafu nikapata msiba Kifanya, baba yangu mdogo. Nikamwita mdogo wangu Agneta kutoka Ramadhani ashike hoteli, nikamwachia maelekezo yote ya chakula cha Bruno. Kopo sikumwambia. Siri ni siri, hata kwa ndugu.

Nilikaa Kifanya siku saba, mpaka matanga yakaisha.

Niliporudi, Agneta alikuwa anamenya viazi. Nikauliza habari za hapa.

"Nzuri, ila wateja wako wananisema, mchuzi wangu mwepesi kama maji. Sijui wewe unaufanyaje. Lakini mzungu wako kapona, dada. Tangu juzi anakuja kwa miguu yake, anaomba kuongezewa."

Hayo mawili aliyasema kwa pamoja, bila kuinua kichwa.

Nikakaa kwenye kigoda. Agneta akadhani ni uchovu wa safari.

Wakuu, sitawaficha. Wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nitupe kopo, mgeni apone, basi, nani atajua? Nilikaa na wazo hilo siku nzima, na lilikuwa tamu. Lakini kila nikiingia jikoni namwona yule mwanamke anajifuta mikono. Nilikuwa nimemvua nguo mchana kweupe kwa kosa langu mimi.

Nikaanza na Bruno. Nikampelekea kopo, nikamweleza. Nilitegemea atacheka, wazungu wa misheni niliokuwa nawajua ni watu wa kucheka. Hakucheka. Akanusa, akafunga, akaongea Kiitaliano kirefu, sikuelewa na nilielewa. Siku hiyo hakula kwangu. Kesho yake akaja akasimama mlangoni pa jiko, akaangalia chakula kinapikwa mwanzo hadi mwisho, ndipo akala.

Siku iliyofuata nikadandia pikapu kwenda Wanging'ombe.

Nilimkuta Eliza uani na mama yake, wanapukuchua maharage. "Kamwene," nikasalimia kwa Kibena. Mama yake akaitikia, akanipa kigoda. Eliza akaendelea na maharage.

Nikasema, "Eliza, nimekuja kukuangukia. Hukuwa wewe. Nilikuwa mimi." Nikamweleza kila kitu, kopo, unga, kumtuma maji. Nililia, nasema kweli.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Mama, mimi nilijua siku ile ile kwamba si mimi. Wasiojua wako Makambako."

Nikamwambia arudi kazini, tuanze upya. Akatikisa kichwa.

"Ulinisema mchana, watu wamejaa. Nenda kaseme mchana, watu wamejaa. Mimi nitasikia tu."

Nikarudi. Nisiwadanganye kwamba nilisema kesho yake. Nilipitisha siku tatu. Kila ikifika saa sita naona watu wamekuwa wachache, nasema kesho watakuwa wengi. Na wengi wakiwepo naona ni wengi mno.

Siku ya nne nikamtuma mtu kwa Haji, nikamwomba aje mchana. Alipofika na Bruno, nikatoka jikoni, nikasimama palepale aliposimama Eliza.

Nikasema, "Jamani, naomba mnisikilize. Eliza hakuwa mchafu. Aliyemlisha mgeni ngano ni mimi. Mchuzi mnaousifia si mifupa, ni unga wa ngano, naweka kwa mkono wangu, na Eliza hakujua. Nilimsingizia hapa mbele yenu. Popote mlipomtaja vibaya, naomba mkamsafishe."

Dereva mmoja wa meza ya kona akasema, "Kwa hiyo Mama Neema, siku zote hizi tulikuwa tunakunywa uji wa nyama?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Nikasimama nikawaacha wacheke mpaka wakatosheka. Haji peke yake hakucheka. Aliinuka akasema, "Hilo ulilofanya leo ni zito, bibie," akaondoka.

Habari ilifika Wanging'ombe kabla ya wiki kwisha. Eliza akarudi Makambako. Hakurudi kwangu. Aliajiriwa hoteli ya ng'ambo ya barabara, ya mshindani wangu, mlango unatazamana na wangu. Mchuzi wake mwepesi, na kila anayeuliza anaambiwa umetiwa nini.

Wateja wangu wengi wakavuka barabara. Sikumlaumu hata mmoja.

Na Bruno naye akavuka. Alikula kwa Eliza mpaka mashine ya Haji ikaanza kupasua mbao, miezi miwili na zaidi, na hakuumwa tumbo hata siku moja. Kila mchana nilikuwa namwona kutoka mlangoni kwangu, anapokea sahani kwenye mikono niliyosema ni michafu.

Basi ndiyo hayo. Nilichojifunza ni hiki: mgonjwa akikwambia hali kitu fulani, usimtazame yeye, jitazame wewe unaficha nini. Na kama ulimwaibisha mtu hadharani ukaenda kumwomba radhi chumbani, bado hujaomba.

Kijana wa Italy, nenda tu, kule wapishi wanatoka jikoni. Hofia zaidi hoteli zetu.

Wenzangu mliowahi kufanya kazi za hoteli, au mliowahi kusingiziwa mbele za watu, hebu semeni na nyie ilikuwaje. Na wa kunisema, nisemeni tu. Nilishasemwa Makambako nzima nikiwa nimesimama.