Dobi aliyeanika soksi kwenye vigingi vya bandari

Jua bado linapiga miayo, na Bi Povu ameshazamisha mikono yote miwili kwenye karai hadi viwikoni. Anasugua kola ya shati kwa ngumi, analigeuza, analisugua tena, kisha analiinua na kulitazama kama mtu anayemhoji mgeni asiyemwamini.

"Huyu bwana shingo yake ina siri," anasema, na kulirudisha majini.

Nyuma yake kamba zimevuka uwanja mzima, kutoka ukuta wa shule hadi kwenye mawe yanayotazama bahari. Jua likishapanda hapatakuwa na pa kupita: mashuka ya nyumba ya wageni, magwanda ya mafundi, sare za wanafunzi, na soksi ambazo, kwa maelezo yake mwenyewe, huja mbili zikarudi moja, na hakuna dobi duniani anayejua ile nyingine huenda wapi.

Uwanja huu wa kuanikia, kwenye ramani ya gati jipya la makontena, umepakwa rangi ya kijivu na kuandikwa "maegesho ya matrela."

Jina alilopewa na wazazi wake analijua yeye na watu wa sensa. Mtaani ni Bi Povu, na kwa povu hilo amesomesha watoto wanne. Tangu mumewe apunguzwe kazini miaka tisa iliyopita, karai ndilo linaloinjika chungu cha nyumba ile.

Habari za gati hazikumfikia kwanza kwa mdomo wa mtu. Aliamka siku moja akakuta vigingi vimechomekwa uwanjani, vimenyooka vizuri, vina urefu wa kupendeza.

"Nikasema, leo serikali imenikumbuka," anasimulia bila kucheka. "Nikafunga kamba."

Wapimaji waliporudi mchana na darubini yao ya miguu mitatu, walikuta kigingi kimoja kimevaa suruali na vingine vimeshikana kwa safu ya soksi. Kijana wao mmoja alijaribu kuchungulia akaona shuka. Wakamwomba aanue. Akawaambia nguo mbichi haianuliwi, wasubiri ikauke. Wakasubiri, na wakati wanasubiri ndipo wakamweleza kinachokuja.

Kinachokuja ni kikubwa. Bahari itajazwa kifusi, yatasimamishwa mawinchi marefu kuliko nyumba yoyote iliyopo, na makontena yatapangwa kama matofali. Tatizo ni kwamba mtaa umeshapangwa hivyo hivyo. Nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu akipiga chafya, anaombewa afya na nyumba ya tatu. Barabara ni moja, na hiyo moja nusu yake ni genge la mboga.

"Hilo kontena likidondoka, litadondokea sebuleni kwa nani?" anauliza wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya kukamulia. Wanafanya kazi pamoja, mmoja anasuuza mwingine anakamua, na hawajawahi kukubaliana jambo lolote isipokuwa hili. "Tena usikute lina dawa zinazolipuka. Sisi hapa moto wa jiko tu unatushinda."

Hawasemi kwa kubahatisha. Miaka sita iliyopita, barabara kuu ilipokuwa inatengenezwa, malori ya bandari ya zamani yalipitishwa mtaani kwa siku chache. Bi Povu alifua mashuka yale yale mara tatu, na kila yakianikwa yanarudi na moshi. Jirani aliyekuwa anawahishwa hospitali akajifungulia njiani, gari limebanwa, trela mbele na trela nyuma. Mama na mtoto walitoka salama. Mtoto anaitwa Trela hadi leo, na hapendi.

Kwa hiyo kamati ya kupinga ilipoundwa, chini ya mwalimu mmoja mstaafu mwenye sauti ya kuamsha darasa zima, Bi Povu alikuwa mtu wa kwanza kuingia. Shida ilikuwa ndani ya nyumba yake.

Mumewe, ambaye mtaa unamwita Mzee Winchi, alikuwa mwendeshaji wa winchi kwenye bandari ile ya zamani. Alipopunguzwa alirudi nyumbani na glavu zake, na glavu zile bado zimetundikwa ukutani mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Kampuni ya gati ilipotangaza kwamba wenye ujuzi watafikiriwa kwanza, mzee alianza kunyoa ndevu kila siku.

"Tulikuwa tunakula sahani moja kama nchi mbili," anasema Bi Povu. "Nikimwambia habari ya moshi, yeye ananiambia habari ya usukani. Nikamwambia baba watoto, utakaa juu huko unaniona mimi chini sina pa kuanika. Akaomba chumvi."

Ikaja siku ya mkutano wa kutoa maoni. Kamati ilikubaliana watu wake wote wavae nyeupe, ili watofautiane na kofia nyekundu ambazo kampuni ilikuwa inawagawia wanaounga mkono. Mtaa mzima ukakumbuka kwamba nguo nyeupe ulizonazo ni chafu. Jioni kabla ya mkutano, pipa kubwa la Bi Povu lilijaa mpaka pomoni.

Na halikujaa nguo za mtaa peke yake. Msemaji wa kampuni alikuwa amefikia nyumba ya wageni ya ng'ambo ya barabara, na mashati yake yote aliyoyabeba yalikuwa humo. Mwenyekiti wa mkutano, bwana mkubwa kutoka ofisi ya mipango, naye alikuwa ameleta shati lake.

"Kazi yangu haiulizi mtu anafikiri nini," anasema Bi Povu. "Nyeupe zote huziloweka pamoja. Ndivyo ninavyofanya siku zote, maji ya moto yasipotee."

Jioni ile ile Mzee Winchi alikuwa anarudi kutoka kwenye kikao cha kampuni, kofia nyekundu kichwani, mpya, inanukia duka. Alipofika uani akasikia sauti ya mkewe inakuja kutoka jikoni. Angeweza kuikunja kofia akaitia mfukoni. Angeweza kuirusha juu ya paa. Mzee wa watu aliona pipa limejaa nguo, akaisokomeza chini kabisa, akaingia ndani kichwa wazi, anapiga mluzi. Alipanga kuitoa baada ya kula. Baada ya kula akasinzia kwenye kiti.

Mkewe na wifi wakamimina maji ya moto na sabuni, wakafunika.

Asubuhi wifi ndiye aliyefunua. Alitazama, akafunika tena taratibu, akasema, "Wifi, njoo uone, mimi nadhani nina homa."

Kila kilichokuwa ndani kilikuwa pinki. Si pinki ya kuficha. Pinki ya ukucha wa bibi harusi. Wakatia dawa ya madoa, wakasugua, wakasuuza, wakatia tena. Mashati yakazidi kupendeza. Chini kabisa wakakuta kofia, imepauka, na maandishi ya kampuni yanasomeka vizuri.

Bi Povu alijua ni ya nani kabla hajaigeuza. Alijikaza kisabuni, akaitia chini ya karai, akawasha pasi.

Mwalimu mstaafu alipokuja kuchukua shati lake aliligeuza mbele na nyuma. "Bi Povu," akasema, "tulikubaliana nyeupe."

"Ni nyeupe, mwalimu. Imeona haya tu."

Hakukuwa na nguo nyingine wala muda. Kamati ikavaa ilichokuwa nacho na kwenda ukumbi wa shule, watu wazima kwa wazee, wamependeza kama keki. Upande wa pili wa ukumbi kofia nyekundu zilikuwa zimeshakaa, na Mzee Winchi alikuwa nyuma yao kabisa, hana kofia, anatazama kucha zake.

Halafu mwenyekiti akaingia na shati la pinki.

Upande wa kamati ukampigia makofi. Upande wa kofia ukasimama wote.

"Mwenyekiti ni wao," mmoja akapaza sauti. "Amekuja na sare yao."

"Sare gani? Hili ni shati langu," akasema mwenyekiti. "Nimefuliwa."

Haikusaidia. Viti vikaanza kuburutwa, mwalimu akaanza kuwapigia watu kelele wakae kama darasa la pili, na msemaji wa kampuni, aliyekuwa amekaa na koti lililofungwa vifungo vyote katika joto lile, akaona mkutano unamponyoka. Akasimama. Akafungua kifungo kimoja, cha pili, akalivua koti.

Ukumbi ukaangua kicheko ambacho wauza mboga barabarani wanasema walikisikia.

"Dobi ni nani?" akauliza mwenyekiti kicheko kilipopungua.

Bi Povu akasimama. Hakuwa amepanga kusema neno siku ile. Kuongea kwenye kipaza sauti kunamfanya asikie sauti yake inatoka mahali pengine.

"Zilikuja nyeupe," akasema. "Kosa ni langu, nitazifua tena bure mpaka zirudi, na zisiporudi tutazungumza."

"Lakini kilichotokea ni nini, mama?"

"Kofia. Iliingia moja kwenye pipa."

Watu wa kofia nyekundu wakaanza kujishika vichwa, mmoja mmoja.

"Ya nani?"

Hapo Bi Povu akaangalia juu, kwenye feni. "Sijui," akasema. "Labda upepo."

Wifi anasema katika miaka yote hajawahi kumsikia wifi yake akidanganya hadharani, na wala hana kipaji nacho. Lakini mtu huwa anaifunika nyumba yake. Akakaa. Mwenyekiti akataka kuendelea, na ndipo kule nyuma kiti kikalia.

"Si upepo," akasema Mzee Winchi. "Ni yangu. Niliificha mke wangu asiione."

Kofia nyekundu zote zikageuka nyuma.

"Nilitaka kurudi juu," akaendelea, na sauti ikawa ndogo. "Miaka tisa nipo chini. Ukishazoea kule juu, chini huku unaona kama umekaa kwenye shimo. Nikasema nikipata kazi nitamweleza pole pole."

"Tumekusikia, mzee," akasema mwenyekiti, kwa upole. "Sasa tuandike uko upande gani?"

Mzee Winchi akapita katikati ya viti hadi kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Katika vikao vyote vya kampuni walikuwa wameonyeshwa picha za mawinchi, na yeye alikuwa anatazama mawinchi. Ramani alikuwa hajaiona. Akaweka kidole kwenye ukuta wa shule, akakisogeza hadi kwenye mawe ya baharini, kikapita juu ya kijivu chote.

"Hapa si ndipo anapoanika mke wangu?"

"Hayo ni maegesho," akasema msemaji.

"Nauliza kabla hayajawa maegesho."

Msemaji akatazama ramani, akatazama shati lake. "Ni hapo, mzee."

"Na mmemchorea wapi pengine?"

Msemaji akatafuta. Akatafuta kwa heshima, kidole kikizunguka baharini na kurudi nchi kavu, kwa sababu wakati huo ukumbi mzima ulikuwa unatafuta pamoja naye. Mwisho akasema jambo hilo litaangaliwa.

"Basi mkishaliangalia mniletee kofia nyingine," akasema Mzee Winchi. Akaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya mkewe. Mkewe akasogeza mkoba.

Mkutano uliendelea. Walisema wengi, mwalimu alisema kuliko wengi, na mama yake Trela alimsimamisha mwanawe juu ya kiti watu wamwone. Mwisho mwenyekiti akaahirisha uamuzi na kuitaka kampuni irudi na ramani nyingine, inayoonyesha matrela yatapita wapi na watu watakwenda wapi. Gati halijafutwa. Halijapitishwa pia. Mtaa unakaa na jambo hilo kama mtu aliyekalia kiti cha mguu mbovu.

Kuhusu nguo, hazikurudi kuwa nyeupe. Mwenyekiti alimwambia dobi ayaache mambo yalivyo, mkewe ameipenda ile rangi. Wapo wanaoleta mashati meupe siku hizi wakitaka "ile ya mkutano." Bi Povu huwafukuza. Anasema yeye anatoa rangi za watu, hatii.

Nyumbani hawakugombana. "Ningegombana naye vipi? Alishajisema mwenyewe mbele ya watu, ameninyima raha yangu," analalamika. Ila alimpa adhabu ya kukamua mashuka, mpaka wifi akamwombea kaka yake msamaha, si kwa huruma, bali kwa sababu alikuwa anayachana.

Anachotaka sasa ni nguzo. Kwa miaka yote kamba zake zimeshikwa na vijiti vya kuchomeka tu, mvua ikinyesha vinalala. Ameamua kuweka za chuma, nene, zilizosimikwa kwenye zege, uwanja mzima. Nne zimeshasimama. Nyingine zimelala kando ya ukuta wa shule, na Mzee Winchi, akiwa amevaa glavu zilizotoka ukutani, anakoroga zege kwa koleo na kulalamika kwamba mchanga ni mbaya.

Ukiuliza kama ni busara kutia zege kwenye uwanja ambao haijulikani utakuwa wa nani, unajibiwa huku mikono inaendelea kusuuza.

"Wakija kuzing'oa watahitaji mtu wa winchi," anasema Bi Povu. "Na mtu wa winchi anakula kwangu."