Filamu ya Saba ya Ramzanali na Haider
Ramzanali alifika ukurasa wa kumi na nne akiwa amesimama jikoni kwake Thornhill, Kanada, kikombe cha chai mkononi, na hapo akaacha kusoma. Akarudi juu, akasoma tena polepole. Kisha akakiweka kikombe mezani.

Mswada ulikuwa wa Haider, kama mingine sita iliyotangulia. Kwa miaka kumi na moja wawili hao walikuwa wakitengeneza filamu za vichekesho kwa Kiswahili na kuzionyesha katika ukumbi wa jumuiya, watu wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam wakicheka mpaka wanafuta machozi. Siku za kazi Haider alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja mjini. Jumamosi alikuwa mwongozaji. Ramzanali, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kukata vioo vya miwani, alikuwa na uso ambao haukutikisika hata nyumba ingeungua. Haider ndiye aliyeugundua uso huo katika mchezo mfupi wa sherehe ya harusi, na ndiye pekee aliyejua kuiacha kamera imkazie macho mzee huyo kitambo kirefu kupita kiasi, mpaka ukumbi mzima ushindwe kujizuia. Mmoja bila mwenzake hakuwa amewahi kumchekesha mtu.

Katika ukurasa huo mzee mjane alikuwa akiendesha gari. Kila akifika njia panda, anakigeukia kiti kitupu cha abiria na kuuliza, "Kulia kweupe?" Kisha anangoja jibu. Nyuma yake magari yanapiga honi, polisi anamfuata, naye anamwambia polisi avute subira, mkewe bado anaangalia.

Ramzanali hakuwa amemsimulia mtu jambo hilo. Tangu wafike Kanada, mkewe Sakarbai ndiye aliyemwangalizia upande wa kulia, maana shingo yake ilikuwa na maumivu ya siku nyingi. Sasa ni miaka miwili tangu Sakarbai azikwe, na bado alimuuliza. Hakuwa amepungukiwa na akili; alijua kiti ni kitupu. Ulimi ulikuwa umezoea, basi, na kile kitambo cha kungoja kilimtuliza. Akajiuliza ni nani aliyepata kumsikia. Ndipo ikamjia Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, walipokuwa wakirudi kutoka Scarborough, Haider amejilaza kiti cha nyuma, macho ameyafumba. Kumbe hakuwa amelala.

Akampigia simu.

"Umefika wapi, mzee wangu?" Haider aliuliza.

"Kumi na nne."

 Haider akasema kwamba hajawahi kuandika kitu kizuri kuliko kile, kwamba alikiandika kwa mapenzi, na kwamba Bi Sakarbai mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Ramzanali, maana lilikuwa kweli.

"Umeniibia, Haider," alisema, akakata simu.

Tarehe ya onyesho ilikwishatangazwa, kwa hiyo kazi haikusimama. Sehemu ya Ramzanali, aliyekataa kuigiza, akapewa Shamez, mfanyakazi wa benki ambaye mpaka hapo alikuwa akiigiza majirani na madaktari. Baridi yote ile Ramzanali na Haider walikutana kwenye majlisi za msikitini, wakapeana mikono bila kutazamana. Watu walipouliza, Ramzanali alisema shingo inamsumbua.

Onyesho likawa Jumapili alasiri, mwezi wa Aprili. Hakutaka kwenda, lakini binti yake Masoomah, asiyejua lolote, alikuwa amekwisha kata tiketi. Wakaketi safu ya nne. Tangu picha ya kwanza Ramzanali alikaa ameshika magoti yake. Kila kicheko cha ukumbi kilimpita kando. Yeye alikuwa akiisubiri ile njia panda, na alichokiogopa zaidi si kucheka kwa wageni. Aliogopa Masoomah acheke, halafu atambue.

Gari likatokea. Shamez ndani, kofia ya sufu kichwani, kiti cha kando kitupu. Gari likapunguza mwendo, taa ya kuonyesha kulia ikawaka. 

Mara Shamez akaonekana sebuleni kwa mwanawe, polisi amesimama mlangoni. Kilichomleta polisi hakikuelezwa. Watu wakaulizana kwa minong'ono, na kuanzia hapo kicheko kikawa cha adabu tu. Ramzanali akageuka. Haider alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, mikono kifuani, naye hakuwa akiitazama filamu. Alikuwa akimtazama yeye.

Wakakutana baadaye kwenye ujia, mahali pa kutundikia makoti.

"Hamkurekodi?"

"Tulirekodi. Shamez aliiweza. Mshika kamera alicheka mpaka tukarudia mara tatu." Haider aliinamisha kichwa. "Nimekaa nayo wiki tatu. Nikiitazama namwona Bi Sakarbai kwenye kile kiti. Nikaifuta yote."

Ramzanali alihisi kifua kikilegea, na papo hapo akahisi uchungu wa namna nyingine, uchungu wa mtu wa kazi.

"Filamu imekufa," alisema.

"Najua."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini ungeniuliza."

Haider akaomba radhi.  Ramzanali akamwambia kwamba mwisho umevutwa mno, na kwamba Shamez macho yake hucheka kabla ya neno kutoka, aambiwe mapema kabla hajazoea. Haider akatoa simu akayaandika. Masoomah alikuja na makoti, akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Baba yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni mambo ya kazi.

Mwezi wa Juni Haider alimletea kurasa mbili, habari za mzee aliyetoka msikitini amevaa viatu vya watu wawili tofauti, jambo lililompata Ramzanali kweli. Juu ameandika kwa mkono: "Ukikataa, naacha hapa." Kurasa hizo zimekaa mezani siku tano. Jana Ramzanali alichukua penseli akafuta sentensi moja iliyokuwa ndefu mno. Kupiga simu, bado hajapiga.