Nilitengeneza DAC ili nimsikie baba vizuri, nikasikia na kilichokuwa karibu naye

Jumamosi iliyopita, saa tisa na robo alasiri, spika yangu ilianza kutikisika bila kutoa sauti.

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Mimi huwa nasoma tu humu, sichangii. Hata darasani sinyooshi mkono. Nipo form three, Ifakara. Hapa sijaongeza chumvi.

Nianze na baba. Alikuwa mvuvi upande wa Malinyi. Mwaka juzi, kipindi cha masika, aliingia mtoni na mdogo wake, baba mdogo Sabasi. Akarudi baba mdogo peke yake. Akasema kiboko kapindua mtumbwi.

Mama hakuamini, na sababu yake ilikuwa voice note.

Baba alinitumia kupitia simu ya mama, akiwa mlemle mtumbwini: "Binti fundi, waya zako nimezipata. Huku kumetulia, usiwe na wasi." Halafu kinafuata kimya kidogo, inaisha. Hatukumsikia tena.

Hicho kimya mama aliwasikilizisha ndugu wote. Kiboko gani hana sauti? Msimu uliofuata baba mdogo akanunua pawatila ya kulimia, basi, watu wakasema kamtoa kaka yake kafara. Tukakatazwa hata kumwamkia. Na Jumapili hii iliyopita, baada ya misa, ukoo ulikuwa ukae kumtoa kwenye shamba la Idete.

Sasa mimi nilitaka tu kuisikia ile sauti nene ya baba, siyo hii ya simu kama anaongelea kwenye kopo. Simu ya mama tundu la earphone limekufa, na mama hataki sauti ya marehemu ihamishiwe simu nyingine. Njia iliyobaki ni USB. Ndiyo nikaamua nitengeneze DAC, kile kibodi kinachopokea data ya USB na kuigeuza kuwa sauti ya spika.

Chip nilichomoa kwenye sound card mbovu. Layout, yaani ramani ya njia za umeme, nilichora kwenye kompyuta ya shule, nikaprinti kwenye karatasi ya kalenda, nikaihamishia kwenye shaba kwa pasi ya mkaa.

Bodi ya kwanza nilisahau kugeuza mchoro, miguu ya chip ikawa kama inajitazama kwenye kioo. Msicheke.

Ya pili ilifanya kazi ila ilinguruma muda wote, maana ground, njia ya umeme kurudi, ya USB na ya audio nilizipitisha kwenye trace moja, kamstari kembamba ka shaba. Ya tatu nikaacha shaba pana chini yote iwe ground, kapasita nikazisogeza karibu na chip. Ikawa safi kabisa.

Hiyo Jumamosi spika ilikuwa wazi mezani, haina boksi. Baba akaongea vizuri mpaka nikajifuta macho. Ilipofika kwenye kile kimya, karatasi ya spika ikaanza kwenda mbele na kurudi nyuma. Sauti hakuna. Nikaweka kidole, ikanisukuma.

Nikajua ni ground tena. Nikapiga wimbo wa kwaya, kawaida tu. Nikarudi kwa baba, ikatikisika palepale. Wakuu, mngurumo wa ground hauchagui mahali.

Spika isiyo na boksi besi yake hufa. Nikaifunga kwenye boksi la redio ya zamani ya baba, nikarudia.

Kile kimya kilikuwa kimejaa.

Kitu kizito kilikoroma, kikakata. Kikakoroma tena. Mara ya tatu vikombe vikalia kabatini. Sauti ya chini kiasi ambacho spika ya simu haiwezi kuitoa. Muda wote huo ilikuwamo mfukoni mwa mama.

Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi. Yeye amekulia mtoni.

"Zima."

Nikazima. Akakaa chini sakafuni.

"Rudia."

Nikarudia. Alikuwa anaangalia mlango, si spika.

"Huyo ni kiboko, yuko chini ya mtumbwi," akasema. Wali uliungua, hakuna aliyeinuka.

Baba mdogo alikuwa ametuambia tangu msibani kwamba alimsihi kaka yake aache simu, amesikia kitu. Mimi sijui kama baba hakusikia, au alisikia akaniambia kumetulia ili nisiogope. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nilichojifunza: kabla hujasema hakuna kitu, uliza kwanza unasikilizia nini. Wenye uzoefu wa layout nikosoeni. Na mliokulia mtoni niambieni, mtu aliye mtumbwini anaweza asimsikie kiboko aliye chini yake?

Jumapili asubuhi, kabla ya kikao cha ukoo, mama hakuniambia niende kwa baba mdogo wala nisiende. Alinipa simu yake, ambayo haijawahi kutoka nyumbani bila yeye. Nikapanda boda hadi Idete, boksi nimelipakata.

Baba mdogo alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai. Aliponiona akaacha, akasimama tu, kama anayengoja kutukanwa.

Sikuwasha chochote. Niliweka boksi chini, nikamwambia, "Shikamoo, baba mdogo."