Gari Alilochaguliwa Ghalibu

Ghalibu bin Nasor alikuwa na duka la asali na nta karibu na soko la Tabora. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Kiarabu cha Ghalibu kilikuwa cha msikitini tu, lakini Kinyamwezi alikisema kama aliyezaliwa porini na warina asali, kwa sababu hao ndio waliomweka mjini. Kila msimu aliwafuata mpaka Puge na Lusu kwa lori lake kuukuu, akarudi na madebe, nguo zikinuka moshi, na mkewe Zeyana akimwambia avue kanzu hiyo uani kabla ya kuingia ndani.

Alikuwa mtu wa matamanio machache. Lakini tangu ujana alitamani gari la Kijerumani. Daktari mmoja wa Kihindi aliwahi kumpa lifti kutoka Nzega siku ya mvua kubwa. Ghalibu alipovuta mlango, kelele ya mvua ikakatika papo hapo, akajiona amekaa sebuleni kwa mtu. Hakuisahau siku hiyo. Kila lilipopita gari la namna hiyo mjini, aliacha kupima asali akaliangalia mpaka likate kona.

Rafiki yake alikuwa Mabruki, fundi seremala wa mtaa wa Ng'ambo. Walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakatahiriwa msimu mmoja. Wakati wa kudai uhuru, lori la Ghalibu ndilo lililobeba watu kwenda mikutanoni. Ghalibu kwenye usukani, Mabruki amesimama nyuma na kipaza sauti. Siku moja polisi waliwasimamisha, wakauliza nani amewakusanya watu hawa. Ghalibu akajibu kwa haraka, "Gari langu, watu wangu." Wakamweka ndani yeye, Mabruki akarudi nyumbani kwa watoto wake. Jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa baina yao. Lilijulikana tu.

Uhuru ulipokuja, Mabruki alipanda. Ufundi akauacha, akawa mtu wa chama, halafu mwenyekiti wa ushirika wa wakulima. Ghalibu alifurahi kweli. Alimshoneshea suti kwa fundi wake mwenyewe.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Mgiriki mmoja mwenye mashamba ya tumbaku upande wa Urambo aliamua kurudi kwao. Alileta vitu vyake mjini kuviuza, na miongoni mwavyo yalikuwamo magari mawili: moja la Kijerumani, jeusi, pana, na moja la Kitaliano, la rangi ya zambarau iliyoiva, lililokaa chini kama mnyama anayenyatia. Mgiriki hakuwa na muda wa kubishana bei. Ghalibu alipopata habari, hakumaliza chai yake. Alimpitia Mabruki ofisini, wakaenda pamoja.

Dereva wa Mgiriki, kijana aitwaye Marko, aliwafungulia. Ghalibu akaenda moja kwa moja kwenye lile jeusi. Akaketi, akavuta mlango. Kelele za nje zikakatika kama siku ile ya mvua. Akafumba macho.

"Hili hapa," alisema. "Nimelisubiri miaka yote."

Mabruki alikuwa amesimama nje, mikono mgongoni. "Shuka kwanza, ndugu yangu, tuzungumze."

Wakasogea pembeni.

"Husikii maneno ya watu siku hizi?" Mabruki akasema kwa sauti ya chini. "Husikii wanavyoitwa wenye magari haya? Wabenzi. Ukilipitisha hili sokoni mara moja tu, umekwisha. Watasema Mwarabu ananyonya jasho la warina asali. Mimi niko ndani huko, najua yanayokuja."

"Sasa nifanye nini?"

"Chukua la Kitaliano. Hilo halina jina midomoni mwa watu. Wataona gari dogo la rangi, basi. Na tazama lilivyo zuri! Nakuambia kwa kuwa nakupenda."

Ghalibu alirudi akalizunguka lile jeusi tena. Halafu akamwomba Marko awashe la Kitaliano. Mlio wake ulikuwa mkali na safi, ulimpanda miguuni. Walizunguka nalo hadi Ipuli na kurudi, na kwenye barabara iliyonyooka Ghalibu alicheka kwa sauti, kitu ambacho watu wa umri wake hawafanyi mbele ya wengine. Aliporudi hakuwa na uhakika tena alitaka nini. Alimtazama Mabruki, Mabruki akatikisa kichwa kumkubalia. Akalichukua.

Zeyana alisimama mlangoni akaliangalia.

"Baba Tufaha, si ulisema la Kijerumani?"

"Mabruki amenipa ushauri."

"Na wewe umelipenda?"

"Nitalipenda," alisema, na kwa kweli alilipenda. Alijifunza kulipasha moto asubuhi bila kulikimbiza, akamtengea fundi wa gereji ya stesheni siku yake maalumu. Watoto walilibatiza Mtaliano. Kila Ijumaa baada ya sala alimpeleka Zeyana matembezi, naye Zeyana aliyeapa hatapanda akawa wa kwanza kufunga buibui.

Baada ya muda gari jeusi likaonekana barabarani. Marko ndiye aliyeliendesha, na nyuma ameketi Mabruki.

"Ofisi imelinunua," Mabruki alimweleza mwenyewe, alipokuja dukani kuchukua asali. "Kamati imekaa, ikaamua. Mimi nimelikuta tu mlangoni. Si langu, ni la umma."

"Angalau limebaki mjini," Ghalibu akasema. Alimjazia chupa mpaka juu.

Masika yalipoingia, Ghalibu alipata habari kuwa Luhende, mrina asali wake mkubwa wa Lusu, anaumwa. Lori lilikuwa bovu, akaondoka na Mtaliano. Karibu na Puge barabara ilikuwa udongo mweusi mtupu, na gari lile halikutengenezewa udongo mweusi. Likalala kwa tumbo. Wanakijiji walikuja na majembe, na walipokuwa wakichimba, gari la ushirika likatokea. Marko alikuwa peke yake, anakwenda kumchukua mwenyekiti Nzega. Aliegesha pakavu, akakunja suruali, akaingia matopeni pamoja nao. Mtaliano aliponasuka, walikaa wawili kwenye ukingo wa barabara wakikwangua miguu kwa vijiti.

"Mzee, ungechukua lile jingine ungekwishafika," Marko akasema akicheka.

"Ndiyo hivyo. Mabruki alinionea huruma kwa maneno ya watu."

Marko akaacha kukwangua. "Lakini lile si lilikuwa limeshachukuliwa?"

"Na nani?"

"Na mwenyekiti. Alikuja kabla yenu, siku kama nne tano hivi, peke yake. Akamwambia Mgiriki asiliuze, anatafuta kibali cha kamati. Mlipokuja pamoja nilishangaa. Nikadhani umekuja kwa lile la Kitaliano tangu mwanzo."

Marko aliona uso wa mzee umebadilika, akaanza kusema labda amekosea siku. Ghalibu akamshukuru kwa kumsaidia, akawapa wanakijiji kilichokuwa mfukoni, akaendelea na safari. Kwa Luhende alikaa kitandani kwa mgonjwa akaulizwa habari za mjini, akajibu njema.

Nyumbani alimweleza Zeyana. Zeyana alitaka wamwendee Mabruki wakati ule ule. Ghalibu akakataa.

"Alikuwa na haya ya kuniambia anakitaka nilichokitaka mimi," alisema. "Ningemwachia. Angesema tu, ningemwachia."

"Basi si afadhali angesema?"

Ghalibu akaendelea kumpelekea Mabruki asali kama zamani, ila sasa alimtuma mtu.

Sabasaba mwaka ule ulifanyika mkutano mkubwa. Ghalibu alikwenda, kama alivyokwenda kila mwaka, akakaa na wazee wa mtaa. Mabruki alipanda jukwaani akazungumza vizuri. Kuzungumza alijua siku zote. Alisema juu ya vijiji, juu ya kujitegemea, watu wakapiga makofi, Ghalibu naye akapiga. Halafu Mabruki akapandisha sauti.

"Lakini wanyonyaji tunao hapa hapa mjini! Wako wanaokula jasho la mrina asali, halafu wanatamba kwa magari ya mbio kutoka Italia! Gari limekaa chini hivi, kama linataka kunywa damu ya mkulima!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakazomea, na wale wa mbele wakageuka kutafuta. Wazee waliokaa na Ghalibu waliangalia chini. Hapakuwa na gari jingine la Kitaliano Tabora nzima. Kwenye viti vya familia za viongozi, binti yake Mabruki, Mwamvita, alijifunika uso kwa khanga. Ghalibu aliondoka mkutanoni polepole, na watu wakampisha njia bila kumgusa.

Kesho yake alasiri alikwenda nyumbani kwa Mabruki. Zamda, mke wa Mabruki, alileta kahawa akaiweka, akatoka haraka.

"Sikutaja jina lako," Mabruki alianza.

"Ulitaja gari langu."

"Mkoa ulitaka mfano, Ghalibu. Mfano wa hapa hapa, unaoonekana. Ningesema nini?"

"Ungesema la Kijerumani."

Mabruki akainua uso. Ghalibu akasema, "Marko aliniambia. Nilikuachia hilo. Nikasema moyoni, ni gari tu. Lakini wewe ndiye uliyenipandisha kwenye la Kitaliano kwa mkono wako, ukasema unanipenda. Kisha ukalitumia kunizomea. Hivi siku ile pale kwa Mgiriki, ulikuwa umeshaliona jukwaa?"

"Wallahi sikuliona."

"Hilo nakuamini," Ghalibu alisema. "Jukwaa lilipokuja, ndipo ukaona mimi ndiye wa karibu."

"Watu watasahau baada ya mwezi. Wewe ni ndugu yangu."

"Polisi waliponiuliza, nilisema watu wangu."

Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulisema, na alilijutia papo hapo, kwa sababu Mabruki alifunika macho kwa kiganja. Ghalibu akainuka. Kahawa ikabaki palepale.

Mambo yalikuwa magumu baada ya hapo. Baadhi ya warina wakaambiwa wapeleke asali ushirika, wakapeleka. Duka lilibaki na rafu tupu upande mmoja. Watu walimshauri aliuze gari. Wengine walidhani analing'ang'ania kwa kiburi. Ghalibu aliliosha kila Ijumaa na kutoka nalo kama kawaida, Zeyana ubavuni, na waliozomea mwanzo walichoka kuzomea.

Miaka michache baadaye Mwamvita alikuja dukani, amechumbiwa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Alisimama akizungusha pindo la khanga. "Naomba siku ya harusi yangu unibebe kwa Mtaliano."

"Baba yako ana gari kubwa."

"Lile la ofisi. Mimi nakuomba wewe. Kwa yale yaliyosemwa siku ile. Nilikuwapo."

Ghalibu akamwambia wasichelewe, yeye atafika baada ya alasiri.

Alifika amevaa joho la babu yake. Wanawake walipiga vigelegele, wakamwingiza bibi harusi nyuma. Mabruki alitoka ndani, akainama dirishani. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi.

"Ghalibu, ndugu yangu," alisema, mkono juu ya mlango. "Mungu akulipe."

"Nimekuja kwa Mwamvita," Ghalibu akajibu, akasubiri mkono uondolewe. Mabruki akauondoa.

Hakumpeleka bibi harusi moja kwa moja. Alimzungusha sokoni, stesheni, akapita mbele ya ofisi ya ushirika akipiga honi, Mwamvita akicheka chini ya shela. Alipomkabidhi kwa wakwe, alikataa kuingia kula pilau. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Mabruki. Wakikutana msikitini walitoleana salamu, kwa kuwa dini inataka hivyo, kisha kila mmoja akatafuta viatu vyake.