Wote Waliitika

Kwetu Jang'ombe walikuwa wakimwita Daktari Asiye na Dawa. Siku ya mwanzo nilipomuona, Bi Mwanakheir alikuwa kakaa naye kwenye benchi la kiwanjani, anajigonga goti juu ya kanga.

"Hili hapa, Daktari. Ikipiga baridi kidogo tu, silali."

"Bi Mwanakheir, mie si daktari wa magoti."

"Wa nini basi?"

Yule bwana akafikiri kidogo. "Nnasomea vipi wakubwa wanawasikiliza watu."

"Aa," akasema Bi Mwanakheir. "Basi mgonjwa wako mahututi kuliko mie."

Tulicheka sote, na yeye akacheka, kisha akatoa daftari akayaandika yale maneno. Ndivyo alivyokuwa. Ukisema kitu mbele yake, kinaandikwa, na hakikati hata kidogo.

Jina lake Zakir Rehmtulla. Kazaliwa Mji Mkongwe, ghorofani, juu ya duka la misumari la baba yake. Mzee Rehmtulla alitaka mwanawe apime misumari na bawaba, lakini mtoto akikaa nyuma ya kaunta na redio, anasikiliza vipindi vya salamu, anaandika kwenye karatasi za kufungia misumari. Kaniambia mwenyewe: "Siku moja nilihesabu watu arubaini waliotajwa majina, Mjaka. Walioulizwa kitu, hata mmoja." Alikuwa na miaka kumi na moja. Hilo jambo akaenda nalo Dar, akaenda nalo Ulaya kwenye baridi, akarudi nalo na udaktari juu. Akasomesha chuo miaka thalathini. Mkewe alihamia Kanada kwa nduguze, yeye akabaki na dada yake, Bi Banu, kule kule juu ya duka.

Mie skuli niliacha kidato cha pili, sikuweza kukaa. Kazi yangu kukodisha spika za maziko na harusi, na yeye tulijuana kwa sababu hiyo, maana kila mkutano wa maoni ya wananchi unataka spika. Akija kabla ya watu, anakaa mwisho, anaandika. Nani kasema, kasema nini, kisha mwaka ukipita anakwenda kuitafuta ile sera iliyotoka, aone kama lile neno limo. Halimo. Kabati lake zima ni hilo: maneno ya watu upande huu, sera upande ule. Na vipindi vya redio vya kupiga simu vilevile, kavisikiliza maelfu.

"Sasa umegundua nini?" nilimuuliza siku moja, nafunga waya.

"Nimegundua wakubwa wanasoma ukurasa wa mwanzo tu."

"Miaka thalathini ndiyo umegundua hilo? Si ungeniuliza mie!"

Akacheka mpaka akavua miwani.

Sasa, kiwanja. Pale petu panaitwa Kiwanja cha Bomba. Nyumba zetu zimebanana, huna ua, huna baraza ya maana, mtu akifa huna pa kuweka watu. Turubali linafungwa pale. Harusi pale, maulidi pale, mpira pale. Zikaja habari kwamba kinataka kufanywa maegesho ya magari. Na kwa vile sheria inataka wananchi waulizwe, ofisi moja ya mipango ikamtafuta Daktari Zakir aendeshe mkutano na aandike ripoti. Alikuwa keshastaafu. Watu wa Mji Mkongwe walimwambia asijitie. Yeye alifurahi kama mtoto. Miaka yote kaandika mikutano ya wenzake, leo kalamu iko mkononi mwake. Akaniambia, "Huu mmoja, Mjaka, utafika kama ulivyosemwa."

Alasiri ile nikafunga spika mbili. Sheha wetu, Bwana Borafya, akafungua daftari kama kawaida, akaanza kuita majina.

"Kheir Mjombe!"

"Naam!"

"Mwanakheir Haji!"

"Naam, mwanangu!"

Mpaka likatimia jina la themanini na saba. Halafu watu wakasema. Wallahi sijapata kusikia watu wakasema vile. Hakuna aliyekubali, hata mmoja. Kheir, fundi baiskeli, akakamata maikrofoni akasema, "Gari hazifi. Sisi ndio tunaokufa. Tutatandika wapi?" Bi Mwanakheir akamjibu kutoka kwenye benchi, "Mie mtaniweka juu ya buti!" Daktari aliandika yote, hata hilo la buti. Kurasa arubaini na mbili. Wiki ya pili akarudi akatusomea, ukurasa kwa ukurasa, kila mtu anasikia neno lake. Hajapata mtu kutufanyia hivyo.

Na ukurasa wa mwanzo uliandikwa tarehe, pahala, na maneno haya: *Yalisomwa majina ya wananchi themanini na saba. Wote waliitika.*

Nilisikia kwa masikio yangu. Sikuona kosa, wala hakuna aliyeona. Si kweli waliitika? Sasa ungesemaje?

Baada ya miezi miwili ikabandikwa karatasi kwenye mlango wa sheha. Kheir ndiye aliyeisoma kwa sauti: "Wananchi themanini na saba walisomewa mpango, na wote waliitikia."

Halafu Kheir akageuka. "Yule Mhindi katuuza."

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Nisemeje? Si kaandika yeye? Daktari asiye na dawa, kumbe ana sumu!"

Nikaipiga picha ile karatasi, nikenda Mji Mkongwe kwa miguu, nikampelekea. Alisoma kwenye simu yangu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi.

"Ni herufi moja," akasema.

"Ipi?"

"Mie nimeandika *waliitika*. Mtu kaitwa, kasema naam, yupo. Wao wametia *i*. Waliitikia. Wamekubali." Akanirudishia simu. "Na mie nikaliweka ukurasa wa mwanzo."

Asubuhi yake tukenda ofisini. Akatoka afisa kijana, Munir, na kumbe aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Munir, hili neno si langu."

Munir akaangalia. "Lako, Mwalimu. Hii hapa ripoti yako. Wote waliitika."

"Kuitika ni mtu kuitwa jina akasema naam."

"Na naam si ndiyo?"

Mie nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Kijana wa Unguja hii hii! Mama yake akimwita anamjibu nini?

"Soma ukurasa wa pili," Daktari akasema. "Soma wowote. Hakuna hata mmoja aliyekubali."

"Wakubwa hawana muda wa kurasa arubaini, Mwalimu." Na hakusema kwa jeuri, alisema kwa adabu kabisa. "Si ulitusomesha mwenyewe? Ukurasa wa mwanzo tu."

Daktari akageuka, tukatoka.

Ikabaki redio. Kuna kipindi cha asubuhi watu wanapiga simu kueleza kero zao, na yeye kakiandikia vitabu. Alijua saa ngapi laini zinafunguka, wangapi wanapokewa, kila mmoja anapewa dakika ngapi. Asubuhi tatu alipiga asipate. Ya nne nilikuwepo, tumekaa chumbani kwake na lile kabati, Bi Banu kasimama mlangoni na mwiko mkononi. Ikapokewa.

"Halo, nani mwenzetu?"

"Zakir, Mji Mkongwe."

"Karibu Zakir wa Mji Mkongwe, tupe kero yako."

"Nnataka kusahihisha neno."

"Neno?"

"Kuitika na kuitikia. Ni maneno mawili mbali, na..."

"Ah, mzee wangu!" Mtangazaji akacheka. "Kipindi cha lugha ni Ijumaa jioni. Asante sana kwa kutusikiliza. Mwenzetu mwengine, halo!"

Tukasikia sauti ile ile kwenye redio ya jikoni, imechelewa kidogo, ikimshukuru mara ya pili. Daktari aliweka simu juu ya meza, akafungua daftari, akaandika saa na tarehe. Mazoea tu. Halafu akaangalia alichoandika, akakikata mstari. Mara ya mwanzo nnamuona anakata.

Mabati yakazungushwa kiwanjani. Ile wiki ya mwanzo hata benchi hatukuliwahi, limo ndani.

Bi Mwanakheir alikufa mwezi uliofuata. Turubali tulilifunga barabarani, upande mmoja kwenye nguzo ya umeme, na gari zikija watu wanainuka na mikeka yao, wanapisha, wanakaa tena. Msomaji wa hitima anasoma, honi inapigwa. Spika zangu nilizizima, haya ilinishika. Daktari Zakir alikuja. Akakaa pembeni kabisa, juu ya tofali. Hakuna aliyemsogelea. Kheir akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwiteni Daktari. Mwiteni tuone kama ataitika." Wawili watatu wakacheka. Alisikia. Alikaa mpaka mwisho, akapeana mikono na wafiwa, akaenda zake.

Juzi sheha katuita tena. Safari hii ni ile njia ya kwenda bombani, nayo wanaitaka. Vijana tukakubaliana kabla: jina likiitwa, hakuna kuitika. Midomo kufunga. Tuone wataandika nini.

"Kheir Mjombe!" Kimya. "Kheir, si nnakuona?" Kimya. Bwana Borafya kaita majina yote, tumemkodolea macho, tumejaa mpaka njiani. Nilijiona tumeshinda. Alipomaliza akafunga daftari, akasema kwa unyonge, "Mie nshafanya kazi yangu," akaandika mbele yetu: *Wananchi waliitwa. Hawakuhudhuria.* Mpango umepita bila ya pingamizi.

Nikampelekea Daktari habari, maana nani mwengine wa kumwambia. Nilimkuta kwenye kiti chake mbele ya kabati, adhuhuri, dirisha limefungwa. Nikamueleza yote. Nilidhani atacheka, au atataka kalamu. Aliniangalia tu.

"Sasa tufanyeje, Daktari?"

Jikoni Bi Banu akaita, "Zakir!"

Hakuitika.

"Zakir! Chakula!"

Midomo ilitikisika kidogo, kisha akaifunga. Bi Banu akaita mara ya tatu, akangoja. Halafu nikasikia sahani inaondolewa mezani.